Moja, nne, moja si sita: C itakupiga chenga

Chukua kalamu. Una muundo kwenye C, yaani ile struct, na ndani umeweka vitu vitatu: char, int, halafu char nyingine. Char ni baiti 1, int kwenye laptopu yako ni baiti 4. Jumla?

Ukisema 6, karibu kwenye chama. Mimi pia nilisema 6, na mayai ya jirani yangu yakalipia.

Ebu uliza sizeof uone. Laptopu nyingi zitakujibu 12. Hujaibiwa, wala mashine haijachizi. Prosesa hupenda int ianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa 4, kwa hivyo kompaila inaacha baiti 3 tupu baada ya char ya kwanza. Mwishoni inaongeza zingine 3, ili ukipanga miundo mingi kwa safu, wa pili nao uanzie mahali sawa. Ni kama makanga anayekataa kubana abiria: viti vinabaki wazi na bado unavilipia. (Najua, Nairobi hatuna makanga kama huyo.)

Sasa panga upya: int kwanza, kisha char mbili. Vitu ni vilevile, lakini sizeof inasema 8. Ukiwa na rekodi milioni moja, umeokoa baiti milioni nne kwa kuhamisha mstari mmoja tu.

Mayai je? Nilimtengenezea jirani mashine ya kuangua vifaranga kwa Arduino Uno, ikawa inatuma joto kwa laptopu. Muundo ule wa char, int, char niliunakili ulivyo pande zote mbili. Kumbe Uno ina chipu ya biti 8: int yake ni baiti 2 na haiachi nafasi tupu. Ilikuwa inatuma baiti 4 huku laptopu ikisubiri 12. Usiku skrini ikaonyesha joto la kuzimu, nami nikakimbia kuzima hita. Mayai yanataka nyuzi kama 37.5 kwa siku 21. Hayangoji mtu atafute kosa kwenye kodi.

Siku hizi naandika int16_t badala ya int, naiweka mbele ya zile char, halafu nachapisha sizeof pande zote mbili (kwenye laptopu tumia %zu, si %d). Zikisema 4 na 4, ndipo nawasha hita.

Jirani nilimlipa trei mbili. Mashine bado iko kwangu, hajaiulizia.