Tununue Breki Kabla ya Shokapu

Ni nadra siku hizi kupita kwa fundi baiskeli bila ya kumkuta kijana anayetaka baiskeli yake ya milimani itengenezwe iwe bora zaidi. Baiskeli yenyewe ni ile ya bei ya chini, aghalabu ya mtumba, yenye gia 18 au 21, matairi ya meno makubwa na shokapu mbele. Kijana huyo amedunduliza fedha kwa miezi kadhaa, na sasa anauliza: je, anunue shokapu mpya na gia za kisasa, au aiache ilivyo?

Swali hilo si dogo kama linavyodhaniwa. Kwa mtu anayeitegemea baiskeli kwenda kazini, shambani na sokoni, fedha hizo ni daftari za watoto na ni mbolea ya msimu ujao. Kwa hiyo tumeona inafaa tutoe maoni yetu.

Kwanza ikumbukwe kwamba baiskeli ya milimani ilizaliwa kwa kubadilisha vipuri. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin, katika jimbo la California nchini Marekani, walichukua baiskeli kuukuu za miaka ya 1930 na 1940 wakawa wanateremka nazo milimani. Kuanzia mwaka 1976 walishindana katika njia iliyoitwa Repack. Jina hilo lilitokana na breki za ndani ya habu, ambazo zilipata moto hata grisi ikaungua, ikawa lazima habu zijazwe grisi upya baada ya mteremko. Wakafunga breki zenye nguvu zaidi, kisha gia. Lakini fremu zile kuukuu hazikuumbwa kwa kazi hiyo, na mwaka 1977 Joe Breeze akaunda fremu mpya kabisa. Somo ni wazi: vipuri vizuri havigeuzi fremu dhaifu kuwa imara.

Kwa maoni yetu, basi, shilingi ya kwanza iende kwenye breki. Raba zilizokwisha na waya ulioota kutu vibadilishwe bila kuchelewa, hasa breki ya mbele, kwani mtu anapofunga breki uzito wake husukumwa mbele na gurudumu hilo ndilo linalofanya kazi kubwa ya kumsimamisha. Ringi nazo zitazamwe. Ringi ya chuma ikilowa mvua, raba huteleza na breki hushika kwa taabu. Ya aluminiamu ni salama zaidi. Asiyejua tofauti achukue sumaku: chuma hunasa, aluminiamu hainasi.

Shilingi ya pili iende kwenye matairi. Anayepita lami kila siku hana haja ya meno makubwa yanayomchosha bure. Tairi laini kiasi litampunguzia kazi. Ila awe mwangalifu dukani. Tairi lililoandikwa 26 x 1.95 na lile la 26 x 1 3/8 hayaingiliani, ingawa yote huitwa ya inchi 26.

Ya tatu ni mnyororo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mnyororo mpya ukipimwa kwa rula, pini 24 huenda inchi 12 kamili. Ukizidi kwa 1/16 ya inchi, ubadilishwe. Ukiachwa hadi kuzidi kwa 1/8, utakuwa umekwisha kuyala meno ya gia, na gharama itakuwa maradufu.

Ama shokapu na gia za kisasa, hapo hatuna budi kusema kweli. Shokapu ya bei ya chini mara nyingi ni springi tupu: ni nzito, na hula nguvu za mpanda kila apandapo kilima. Gia nazo huvutana. Anayetaka kutoka gia 7 za nyuma kwenda 9 hanunui gia peke yake; atahitaji mnyororo mwembamba zaidi, vishikizo vipya vya kubadilishia, na mara nyingi habu mpya, kwa kuwa friwili yake ni ile ya kufungwa kwa nyuzi. Alikusudia kununua kitu kimoja, anajikuta amenunua vinne.

Wapo watakaosema kwamba baiskeli ya bei nafuu haistahili kutengenezwa hata kidogo. Nao wanakosea. Grisi katika habu, gololi mpya na spoki zilizokazwa sawasawa hugharimu kidogo, na huirefushia maisha baiskeli ya aina yoyote.

Kanuni tunayoipendekeza ni rahisi. Kilichochakaa, na kile kinacholinda uhai, kibadilishwe. Kinachopendeza macho tu kisubiri. Na jumla ya vipuri ikikaribia nusu ya bei ya baiskeli iliyo bora, fedha ziwekwe akiba mpaka itakapopatikana. Tuseme baiskeli ilinunuliwa kwa shilingi laki mbili. Kuifungia vipuri vya laki mbili nyingine hakutaifanya kuwa ya laki nne siku ya kuiuza.

Mwisho, tunawakumbusha mafundi na wauza vipuri kwamba mteja anayeambiwa ukweli hurudi. Si haki hata kidogo kumuuzia kijana shokapu inayong'aa huku raba zake za breki zikiwa zimebaki chuma kitupu. Nawe, ndugu msomaji, kabla hujalala leo, bana breki zako zote mbili kisha jaribu kuisukuma baiskeli mbele. Ikikubali kwenda, umekwisha pata jibu la kipuri gani ununue kwanza.