Mtoto anataka gemu za mapigano? Msaidie kuchagua

Mama mmoja alimleta kliniki mwanawe wa miaka 12 anayetumia dawa za kifafa. Ugonjwa ulikuwa umetulia kwa miezi kadhaa, kisha akaanguka mara mbili ndani ya wiki moja. Tulipozungumza kwa upole, kijana akasema ukweli. Nyumbani alikatazwa gemu zote, hivyo jioni alikuwa akienda kwenye kibanda cha mtaani. Alikaa karibu kabisa na runinga, chumba kikiwa na giza, akarudi usiku na kulala bila kumeza dawa.

"Daktari, si nilimkataza?" mama aliuliza. Ni kweli alimkataza. Lakini kijana alikwenda kucheza mahali ambapo hapakuwa na mtu anayejua kuwa ana kifafa, wala wa kumwambia sasa inatosha.

Wazazi wengi huniuliza kuhusu gemu za mapigano, zile ambazo watu wawili wanasimama uso kwa uso na kupigana hadi mmoja aanguke. Mtoto wako akishaanza kuzitaka, msaidie achague ipi, aicheze wapi na kwa muda gani. Usipochagua wewe, atachaguliwa na mwenye kibanda au rafiki yake.

Je, zitamfanya awe mkorofi?

Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilipitia tafiti za suala hili na kutoa msimamo wake mwaka 2020. Kilisema hakuna ushahidi wa kutosha kuzihusisha gemu zenye vurugu na uhalifu wa kutumia nguvu. Hata hivyo, kiliona uhusiano mdogo kati ya gemu hizo na tabia kama kufoka na kusukumana.

Kwa hiyo usiogope kwamba mwanao atakuwa jambazi kwa sababu ya gemu. Mtazame baada ya kucheza. Akimaliza na kumpiga mdogo wake, kutupa vitu au kutukana, gemu hiyo au muda huo haumfai kwa sasa. Akimaliza akiwa anacheka na kusimulia alivyoshindwa, hapo hakuna tatizo.

Angalia umri kwanza

Gemu hizi hazilingani. Mortal Kombat ilipotoka mwaka 1992, damu na ukatili wake viliwashtua wazazi wa Marekani hadi suala hilo likafika kwenye Seneti mwaka 1993. Mwaka uliofuata kikaanzishwa chombo kiitwacho ESRB, kinachopanga gemu kwa umri. Ulaya wana chao, PEGI.

Kwenye kasha utaona alama. Za ESRB ni herufi: E10+ ni kuanzia miaka 10, T ni kuanzia 13, na M ni kuanzia 17. Za PEGI ni namba: 3, 7, 12, 16 na 18. Kama gemu haina kasha, andika jina lake pamoja na neno ESRB au PEGI kwenye simu yako, utapata jibu.

Hii ni mifano ya gemu ambazo watoto wanazitaja sana:

Super Smash Bros. Ultimate ni ya mashine ya Nintendo Switch pekee. Wahusika wake ni wa katuni, na mtu hushindwa kwa kurushwa nje ya jukwaa. Ina alama ya E10+, na PEGI wameipa 12.

Street Fighter 6 ya mwaka 2023 ina alama ya T, na PEGI wameipa 12. Inachezwa kwenye PlayStation 4 na 5, Xbox za karibuni na kompyuta.

Tekken 8 ya mwaka 2024 ina alama ya T, lakini PEGI wameipa 16. Haichezeki kwenye PlayStation 4, hivyo angalia mashine mliyonayo kabla ya kununua. Vyombo hivi viwili vikitofautiana, mimi hushauri mzazi afuate umri mkubwa zaidi.

Mortal Kombat 1 ya mwaka 2023 ina alama ya M, na PEGI wameipa 18. Inaonyesha miili ikikatwa na kupasuliwa. Hii si ya mtoto, hata kama jirani anaicheza.

Aanze vipi?

Sisi tulio na miaka 40 na kitu tunaikumbuka Tekken 3 kwenye PlayStation ya kwanza. Ulikuwa ukimchukua Eddy, yule Mbrazili anayepigana kwa capoeira, na kubonyeza vitufe ovyo, na bado ulikuwa unashinda. Mtoto anayeanza hivyo hufurahi siku mbili, kisha akikutana na anayejua anapigwa kila mara, anakasirika na kutupa padi, kile kidude cha kuchezea.

Mwambie achague gemu moja na mhusika mmoja, akae naye wiki kadhaa. Kwenye Tekken vitufe vinne ni mikono miwili na miguu miwili, ni rahisi kukumbuka. Street Fighter 6 ina mpangilio wa vitufe rahisi kwa wanaoanza, na sehemu ya mafunzo. Ajifunze kujikinga kabla ya kupiga. Anayejua kujikinga hupoteza polepole, na hasira inapungua.

Acheze kwanza na ndugu au rafiki waliokaa pamoja sebuleni. Kucheza na watu wa mbali kwa intaneti kusubiri. Huko kuna wageni, matusi na vishawishi vya kununua mavazi ya wahusika. Zima mazungumzo ya sauti, na namba yako ya siri ya pesa za simu asiijue.

Pima kwa mechi

Gemu hizi zina faida moja kwa mzazi: mechi ni fupi. Kwenye Tekken 8 raundi ni sekunde 60, na anayetangulia kushinda raundi tatu ndiye mshindi. Kwenye Street Fighter 6 ni raundi mbili. Mechi nzima huisha kwa dakika chache.

Basi usimwambie "zima sasa hivi" akiwa katikati ya raundi, maana hapo ndipo ugomvi huanza. Kubalianeni kabla hajawasha: mechi kumi, kisha anazima. Mechi ya kumi ikiisha, ameshinda au ameshindwa, padi inawekwa chini. Hakuna "ya mwisho kabisa".

Saa moja kabla ya kulala runinga iwe imezimwa. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri pia kuwa mwenye miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kukimbia, kucheza mpira au kazi nyingine inayomtoa jasho.

Kila baada ya dakika 20 aangalie kitu kilicho mbali, mita sita hivi, kwa sekunde 20. Anayekodolea kioo hupepesa macho mara chache, ndiyo maana yanawasha. Akilalamika maumivu ya kidole gumba au kifundo cha mkono, apumzike kucheza hadi yaishe. Yakidumu zaidi ya wiki, mlete hospitali.

Mtoto mwenye kifafa

Watu wapatao 3 kati ya kila 100 wenye kifafa hupata degedege kwa sababu ya mwanga unaomweka haraka, na hali hii iko zaidi kwa watoto na vijana. Desemba 16, 1997 nchini Japani, watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali baada ya kutazama katuni ya Pokémon iliyokuwa na mwanga mwekundu na wa bluu uliomweka kwa kasi. Gemu za mapigano nazo zina mimweko mingi, hasa mapigo makubwa yanapotua.

Maana yake ni kwamba wengi wenye kifafa hawadhuriwi na mwanga huo, lakini usikisie. Muulize daktari wa mwanao kuhusu kipimo cha EEG, kinachosoma umeme wa ubongo. Wakati wa kipimo humulikwa taa inayomweka ili kuona kama ubongo unaitikia.

Akiruhusiwa kucheza, taa ya chumba iwake, akae hatua tatu au zaidi kutoka kwenye runinga, na mwanga wa kioo upunguzwe. Asicheze akiwa na homa, hajalala vizuri au amekosa dozi. Kukosa usingizi na kuruka dawa huamsha kifafa kwa watu wengi zaidi kuliko gemu.

Akihisi hali isiyo ya kawaida, azibe jicho moja kwa kiganja na kugeuka. Kufumba macho yote mawili hakutoshi, maana mwanga hupenya kope.

Akianguka, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake na uangalie saa. Usimkandamize, usimtie kijiko mdomoni wala kumnusisha chochote. Degedege ikizidi dakika tano, au ikirudi kabla hajazinduka, mkimbize hospitali. Anayecheza naye ajue haya pia.

Lini uwe na wasiwasi?

WHO inatambua uraibu wa gemu kuwa ugonjwa, na upo kwenye orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022. Dalili ni tatu: mtoto hawezi kujizuia, gemu inatangulia kila kitu kingine, na anaendelea hata inapomletea madhara kama kufeli au kugombana na familia. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu miezi 12, lakini ikiwa kali usisubiri mwaka uishe.

Leo jioni mwombe mwanao akuonyeshe gemu anayoitaka. Soma alama ya umri, kisha chukua padi ya pili ucheze naye mechi moja. Atakupiga vibaya sana, lakini utakuwa umeiona kwa macho yako.