Kila Mutu na Kipande Chake, Lakini Reli Ni Moja

Ndugu musomaji, kama ulikomea karibu na reli, unajua mambo ya treni tangu utoto. Wengi wetu tulitengeneza magari ya waya, tukayafunga moja nyuma ya ingine, tukasema: «Hii ni treni!» Jioni mama alipoita, kila mutoto alibeba gari lake na kurudi kwao. Kesho yake, kama mumoja alikuwa na kasirani, hakuleta gari, na treni yetu ilikuwa fupi.

Leo ninataka kukuonyesha wazee wenye mvi, huko Marekani na Ulaya, wanaofanya kitu kama kile. Usicheke haraka. Wana jambo la kutufundisha.

Treni inayoenea mukononi

Kuna treni ndogo zenye injini ya umeme, zinazotengenezwa kwa kipimo cha 1 kwa 160. Ndiyo kusema, metre 160 za kweli zinakuwa metre 1 ya muchezo. Upana kati ya reli mbili ni milimetre 9 tu, na ndiyo sababu wanaita kipimo hiki N: kwa Kifaransa ni neuf, na kwa Kiingereza na Kijerumani vilevile tisa inaanza na N. Fanya hesabu: toka Lubumbashi mupaka Likasi ni kiasi cha kilometre 120. Kwa kipimo hiki ingekuwa metre 750. Nani ana nyumba ya kuingiza njia kama hiyo?

Shida ndiyo hiyo. Mutu mumoja katika chumba chake anaweza kuwa na njia fupi tu, inayozunguka kama mbuzi kwenye kamba. Katika mwaka wa 1973, kikundi cha wapenzi wa treni hizi huko California kilipata shauri: kila mutu atengeneze kipande kimoja tu kwake nyumbani, halafu siku ya maonyesho vipande vyote viunganishwe. Katika 1974 walionyesha kazi yao San Diego, kwenye mukutano mukubwa wa watu wa treni ndogo. Shauri hilo waliliita NTRAK, na limefika inchi nyingi.

Mapatano ya mupaka

Kipande cha kawaida ni meza ya urefu wa sentimetre 122 na upana wa 61. Inasimama juu ya miguu inayotoka, na reli yake inapashwa kuwa karibu sentimetre 102 toka chini. Mbele kuna njia tatu: nyekundu, ya manjano na ya bluu. Si kwamba reli zimepakwa rangi. Ni majina tu, ili mutu asichanganye nyaya za umeme chini ya meza.

Sasa angalia vizuri. Katikati ya kipande, wewe ni bwana. Unataka mulima? Weka mulima. Unataka kijiji, muto, kiwanda? Ni shauri lako, hakuna atakayekuuliza. Lakini kwenye ncha mbili, pahali unapokutana na jirani, hauna ruhusa hata ya milimetre chache. Reli ya kwanza iko pahali pake, ya pili pahali pake, ya tatu pahali pake. Kwa hiyo mutu anaweza kuunganisha kipande chake na cha mutu asiyemujua kabisa, na treni itapita.

Sisi watu wa reli tunaelewa jambo hili. Reli yetu ya Katanga ina upana wa milimetre 1 067, sawa na ile ya Zambia, na ndiyo sababu wagoni inaweza kuvuka Sakania bila kushushwa muzigo. Lakini kule Tanzania, reli ya TAZARA yenye 1 067 inakutana na ingine yenye 1 000. Pale Kidatu muzigo unapashwa kuhamishwa toka wagoni hii kuingia ile. Milimetre 67 tu, hata upana wa kiganja haufiki! Lakini tazama kazi inayoleta.

Siku ya kuonyesha

Maonyesho yanafanyika mara nyingi siku ya posho na siku ya yenga, katika jumba kubwa. Kazi inaanza mbele ya watu kuingia. Wanachama wanafika na magari, wanashusha vipande, wanatia miguu. Sakafu haiko sawa hata siku moja. Kwa hiyo chini ya kila muguu kuna buloni ya kupandisha na kushusha. Wanaanza na kipande kimoja, wanapima kwa pimamaji, kisha cha pili, cha tatu, wanavibana pamoja kwa vibano vya chuma. Kati ya vipande viwili wanaweka reli fupi za kuunganisha, na chini wanafunga nyaya.

Kipande cha mwisho ndicho kinachosumbua, maana kinafunga muzunguko. Kama kila mumoja alikosa kidogo tu, makosa yote yanakusanyika hapo. Pengo la vidole viwili! Ni kosa la nani? La wote. Basi wanafungua vibano na kusukuma taratibu upande mwingine, hata njia ifunge.

Kisha wanapangusa reli, maana vumbi inazuia umeme. Wanatuma injini moja peke yake, polepole, izunguke pote. Kama nyaya za kipande kimoja ziligeuzwa, umeme unagongana na njia ile yote inasimama, si kwa mwenye kosa tu. Wakisha kumaliza hayo, ndipo wanaleta treni ndefu.

Wagoni inapoanguka

Mulango unafunguliwa, watoto wanajaa. Kwa kila njia kuna mutu mumoja anayeiangalia, na haruhusiwi kutoka bila kuachia mwingine. Wagoni ikianguka, anasimamisha treni, anainua wagoni na anatia alama ya karatasi pahali pale. Hawagombani mbele ya wageni. Ikianguka tena papo hapo, wanajua kwamba si wagoni iliyo mbaya, ni kiungo.

Na hapa kuna neno gumu. Pengine kipande kinacholeta shida ndicho kizuri kuliko vyote. Mwenyewe alikifanyia kazi miezi mingi, miti yake unazania ni ya kweli, watu wote wanasimama pale. Lakini ncha yake haifuate kipimo. Chama kinapashwa kumwambia: «Ndugu, kipande chako ni kizuri, lakini hakiwezi kuingia katika muzunguko mupaka ukitengeneze.» Nani anapenda kusema hivyo? Nani anapenda kuambiwa? Lakini kama wananyamaza juu ya urafiki, treni itaanguka siku nzima mbele ya watoto, na kazi ya watu makumi matatu itaonekana bure. Mwenye hekima anakirudisha nyumbani, anapima upya, na mwaka mwingine anarudi nacho. Mwenye kiburi anakirudisha nyumbani na kubaki nacho. Kipande kimoja peke yake ni metre 1 na kidogo: treni inaingia tu, na tayari imetoka.

Na sisi?

Kijana, usiseme: «Hayo ni mambo ya wenye feza.» Chukua mbao za sanduku. Mukiwa kumi, mupatane urefu, upana, na pahali barabara inapoingia na kutokea. Kila mumoja afanye kipande kwao: soko, muto, chimbo, stesheni. Kisha mukutane na muunganishe, mupitishe magari yenu ya waya. Mutaona mara moja nani alipima na nani alikisia. Mukimukuta aliyekisia, musimufukuze, mumupe rula.

Maswali ya kuzungumuza katika jamaa

1. Katika nyumba yetu, ni mambo gani kila mumoja anaweza kufanya kama anavyopenda, na ni mapatano gani yanapashwa kufuatwa na wote?
2. Ni lini tulinyamaza juu ya kiungo kibaya, kwa sababu tuliogopa kumuchukiza mwenzetu?
3. Kama ni mimi ninayeambiwa nipime upya, nitarudi mwaka mwingine?