Bei Zikipanda, Tusianze na Bakuli la Mtoto



Mama mmoja alimleta mwanawe kwenye siku ya kupima uzito akiwa na furaha. Mtoto alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minane. "Sista, huyu sasa ananenepa," alisema. "Tazama mashavu yake." Sista aliyesimama kwenye mizani hakujibu. Alimketisha mtoto, akambonyeza kwa kidole gumba juu ya unyayo, akahesabu polepole, kisha akaondoa kidole. Shimo likabaki. Akabonyeza mguu wa pili, shimo likabaki vilevile. Nywele za mtoto zilikuwa laini na zimeanza kuwa nyekundu. Hakulia wala hakucheka. Alikuwa akitazama tu.

Tulikaa na mama yule tukamwuliza wanakula nini nyumbani, naye hakutuficha kitu. Bei zilipopanda walianza kubana matumizi. Maharage, waliyokuwa wakipika karibu kila siku, wakayapika mara moja kwa wiki. Dagaa wakaacha kabisa. Mtoto alikuwa ameachishwa ziwa kwa kuwa mama ana mimba nyingine, hivyo asubuhi alipewa uji mweupe wa sembe, na mchana na jioni ugali na mchuzi wa mboga. "Lakini anashiba," mama alisema, wala hakusema uongo. Chai ya sukari ilikuwa bado inanywewa asubuhi na jioni. Soda ya mgeni ilikuwa bado inanunuliwa. Kipande cha nyama cha baba siku ya Jumapili kilikuwa bado kipo.

Hatuandiki haya ili kumlaumu. Nyumba nyingi katika parokia zetu zimefanya hivyo hivyo bila kutambua. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipozuka, ngano na mafuta ya kula vilipanda bei duniani kote, na huku kwetu mwezi wa Mei mwaka huo lita ya petroli jijini Dar es Salaam ilipita shilingi 3,000. Petroli ikipanda, hata mchicha unaosafirishwa kwa gari hupanda. Mahindi na maharage vikafuata, na mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari ikaadimika baada ya mvua nyingi kuzuia uvunaji wa miwa, watu wakawa wanalipa shilingi 4,000 na zaidi kwa kilo moja. Tuliona majirani wakihangaika duka hadi duka kutafuta sukari. Hatukumwona hata mmoja akihangaika hivyo kutafuta kunde.

Katika kubana matumizi, kisu hukata kwanza pale ambapo hakuna atakayepiga kelele. Baba akikosa mboga atauliza. Mgeni akikosa soda tutaona aibu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hajui kudai. Akipewa ugali mtupu ataula, tumbo litajaa, atalala, nasi tutasema ameshiba.

Ugonjwa wa mtoto yule unaitwa kwashiorkor, au kwashakoo kama wengi tulivyozoea kusema. Mmoja wa walioueleza kwa madaktari wa Ulaya alikuwa Daktari Cicely Williams mwaka 1933, akifanya kazi Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana. Jina lenyewe alilichukua kwa Waga wa huko. Kwao ulikuwa ugonjwa wa mtoto anayeondolewa ziwani mdogo wake anapokuja. Akina mama wale walikuwa wameujua zamani kabla ya daktari, na hata kisa cha mama yetu wa kliniki kimo ndani ya neno hilo moja.

Dalili zake zinampotosha mzazi, kwa sababu mtoto huvimba badala ya kukonda. Tazameni miguu yote miwili. Mbonyezeni kama Sista alivyofanya. Tazameni nywele, ngozi inayobambuka kama iliyoungua, na zaidi ya yote tabia ya mtoto: ananuna, hachezi, hataki kula. Mtoto aliyevimba miguu yote miwili asitibiwe nyumbani kwa mayai na maziwa. Apelekwe zahanati au hospitali siku hiyo hiyo, maana mwili wake umedhoofika kiasi cha kutoweza kupokea chakula kingi kwa ghafla, na anaweza kufa. Wahudumu wana utepe wa kupimia mkono wa juu pia. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, mzunguko ukiwa chini ya sentimita 11.5 ni hatari kubwa, na kati ya hapo na 12.5 ni onyo.

Sasa tuje sokoni. Ikiwa fedha ni kidogo, kipi kiachwe na kipi kishikwe?

Vishikwe maharage, kunde, choroko, dagaa na karanga. Hivi ndivyo nyama ya mtu asiye na nyama. Kilo ya nyama inaliwa siku moja, lakini dagaa waliosafishwa vizuri na kutwangwa wakawa unga hukaa kwenye kopo, na kijiko kimoja kikiingia katika uji au mboga ya mtoto kinamletea na madini ya mifupa yao, kwa sababu dagaa huliwa mzima. Waosheni kwa maji ya moto mara kadhaa, mchanga utoke. Yai likipatikana, apewe mtoto. Kuna mahali bado wanasema mtoto akila mayai atakuwa mwizi. Maneno hayo tunadhani yalitungwa na mtu mzima aliyependa mayai.

Wengine wameacha maharage kwa sababu ya mkaa, na hilo tunalielewa. Yachambueni, yaloweke usiku kucha, mwage maji hayo, kisha yachemke kwa nguvu nusu saa. Hapo sufuria ifunikwe vizuri, ifungwe kwa blanketi kuukuu na kuwekwa ndani ya kapu au boksi lililojazwa matambara au majani makavu ya mgomba. Yataendelea kuiva yenyewe kwa saa kadhaa. Baadaye yarudishwe motoni kidogo tu. Bibi zetu wanaojua kufunika ndizi hawatashangaa.

Sembe nyeupe ingeweza kuachwa kwa dona. Kwenye kukoboa, pumba na kiini huenda kwa kuku, na humo ndimo zilimo vitamini nyingi, mafuta na sehemu ya protini. Dona haikai muda mrefu bila kuchacha, kwa hiyo msage kidogo kidogo. Wazee wanakumbuka unga wa njano wa miaka ya shida, ule uliopewa jina la utani "Yanga". Ulidharauliwa sana, lakini ile rangi ya njano inatokana na vitu ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, na mahindi meupe hayana. Faida hiyo leo tunaipata kwa viazi vitamu vya rangi ya chungwa, maboga, maembe na mapapai. Matembele, kisamvu, mchicha na majani ya maboga huota hata nyuma ya nyumba, kwenye gunia la udongo na maji ya kuoshea mboga.

Tunaomba pia msitumie fedha nyingi kwa ule unga wa lishe wenye nafaka na mbegu za aina kumi. Akina mama wanauziwa kwa bei kubwa wakiamini kwamba vingi ndiyo bora. Soya isiyopikwa vizuri ni ngumu kwa tumbo la mtoto, na karanga zikisagwa ndani ya unga huchacha upesi. Mtoto anahitaji nafaka moja na jamii moja ya kunde au dagaa. Karanga zisagwe na kuongezwa wakati wa kupika, na kijiko cha chai cha mafuta kitiwe mwishoni. Uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko. Ukimwagika kama maji, basi ni maji. Tumbo la mtoto ni dogo, hivyo baada ya miezi tisa ale mara tatu au nne kwa siku, na katika bakuli lake mwenyewe. Akishindana na kaka zake kwenye sinia moja, atashindwa.

Maziwa ya mama hayapandi bei. Miezi sita ya kwanza mtoto hahitaji kingine, hata maji, na aendelee kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi. Si kweli kwamba mimba huharibu maziwa. Mama mwenye afya anaweza kuendelea kunyonyesha, isipokuwa mhudumu wa afya amemshauri vingine, lakini naye lazima ale vizuri, kwa kuwa analisha watatu.

Jambo moja tunaliandika kwa kusisitiza: msinunue chakula kilichooza kwa sababu ni rahisi. Karanga zilizosinyaa na mahindi yenye ukungu huwa na sumukuvu, sumu isiyoisha kwa kupikwa wala kukaangwa. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo, na 125 wakafariki. Kwetu, mwaka 2016, familia katika mikoa ya Dodoma na Manyara zilipoteza watu. Zilizobaguliwa sokoni na kusagwa tayari ndizo za kuogopa zaidi, maana macho hayawezi kuona kilichomo.

Na dawa zisikatwe nusu. Mtu mzima anayeugua malaria hupewa vidonge 24 vya mseto kwa siku tatu, na asiyemaliza anabakiza ugonjwa mwilini. Kuliko kununua vidonge vinne vya amoksilini kwa mkopo, nendeni zahanati mkapimwe. Utaratibu wa kuchangia gharama ulipoanza katika hospitali za serikali mwaka 1993, sera iliwaweka wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano katika kundi la msamaha. Ulizeni bila woga, ingawa tunajua mara nyingine jibu huwa "dawa zimekwisha".

Akina baba, ukurasa huu ni wenu pia. Kabla ya kwenda sokoni Jumamosi, kaeni na mama watoto mhesabu pamoja. Kwa bei ya soda moja, mara nyingi unapata yai na chenji inabaki. Bei ya bia mnaijua nyinyi kuliko sisi.

Mtoto yule alipelekwa hospitali akalazwa. Siku za kwanza uvimbe ulipotoka, uzito ulishuka, na baba yake akaja juu akidai hospitali inamkondesha mwanawe. Mwuguzi alimweleza kwamba yaliyopungua ni maji, akamwonyesha mifupa iliyokuwa imefichwa nayo. Baba alikaa kimya, kisha akaomba afundishwe kupika ule uji. Miezi mitatu baadaye walirudi kwetu wote watatu. Mtoto alipowekwa kwenye mizani alipiga kelele kanisa zima likasikia, akamvua Sista kitambaa cha kichwani.