Waliofia Usingizini

Kwenye mabanda ya video ya Afrika Mashariki kuna kanuni anayoijua hata mtoto anayechungulia kwenye tundu la ukuta: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini mwisho atatoka. Mwaka 1992, filamu ya Alien 3 iliivunja kanuni hiyo. Ajabu ni kwamba kifo cha stelingi sicho kilichowaudhi mashabiki zaidi. Kilichowakera kilitokea mwanzoni kabisa, majina ya waigizaji yakiwa bado yanapita kwenye skrini.

Alien ya kwanza, iliyoongozwa na Ridley Scott mwaka 1979, ilihusu watu saba kwenye Nostromo, meli ya mizigo ya angani, walioingiliwa na kiumbe kimoja tu. Dubwana hilo lilibuniwa na msanii wa Uswisi, H.R. Giger, na ndani ya vazi lake alikuwemo Mnigeria, Bolaji Badejo, kijana mwembamba aliyepita mita 2 kwa urefu. Scott alimficha gizani. Mtazamaji anaona mkia, taya, ute unaodondoka. Yaliyobaki anajitungia mwenyewe, na anajitisha kuliko ambavyo mwongozaji yeyote angeweza kumtisha.

Mwaka 1986 James Cameron akaileta Aliens, filamu ya askari na bunduki. Hata hivyo kinachokumbukwa ni familia iliyopatikana vitani: stelingi Ripley, yaani Sigourney Weaver, anamkuta Newt, binti mdogo aliyepoteza ndugu zake wote. Anarudi peke yake kwenye kiota cha madubwana kumchukua. Wanatoka hai, pamoja na askari Hicks aliyeunguzwa uso na tindikali, wakalala usingizi mrefu wa safari ya kurudi nyumbani.

Newt na Hicks hawakuamka. Alien 3 inaanza na ajali: chombo chao kinaangukia sayari ya wafungwa, Hicks amekufa, Newt amezama maji ndani ya kitanda chake cha kioo. Halafu Ripley, akihofia kwamba mtoto ana dubwana kifuani, anamdanganya daktari kuwa huenda ni kipindupindu na kumtaka aupasue mwili. Kamera inabaki usoni mwake huku msumeno ukisikika. Hakuna dubwana. Mapafu yamejaa maji tu. Mtu aliyetoka ukumbini mwaka 1986 akishangilia aliambiwa, kwa ufupi, kwamba alishangilia bure.

Tena yai la dubwana lililosababisha ajali lilifikaje melini? Mashabiki wanabishana hadi leo.

Si haki kumtwisha mwongozaji wa Alien 3, David Fincher, mzigo wote. Alikuwa ametoka kwenye video za muziki, hajawahi kuongoza filamu ndefu, na alikabidhiwa kazi ambayo muswada wake ulibadilishwa mara nyingi. Seti zilijengwa kabla hadithi haijatulia. Alivutana na studio mpaka mwisho, na filamu hiyo ameikana. Toleo refu lililotolewa mwaka 2003 bila yeye kushiriki lina mashabiki wake, na kwa kweli ni bora. Newt bado anazama.

Alien Resurrection ya 1997 ilimfufua Ripley kwa kumtengeneza upya maabara. Tuipite.

Scott mwenyewe aliporudi, kosa likawa jingine. Prometheus (2012) na Alien: Covenant (2017) zilijibu swali ambalo filamu ya kwanza iliishi kwa kutolijibu: vitu hivi vilitoka wapi? Dubwana likapewa ukoo na fundi, roboti aitwaye David. Ukishamjua aliyelifinyanga, halitishi tena vile. Na kama vile Alien 3 haikuwafunza watengenezaji kitu, Elizabeth Shaw, aliyebeba Prometheus na kunusurika, anakutwa kwenye Covenant akiwa maiti juu ya meza. Tunaambiwa tu kwamba alikufa.

Mwaka 2015, Neill Blomkamp, mwongozaji mzaliwa wa Afrika Kusini, alionyesha hadharani michoro ya filamu aliyotaka kuitengeneza, ambayo ingeyapuuza yaliyotokea Alien 3. Kwenye michoro hiyo alikuwepo Ripley, na pembeni yake Hicks, mtu mzima sasa, upande mmoja wa uso ukiwa na makovu ya tindikali. Mashabiki walishangilia. Filamu yenyewe haikutengenezwa.