Programu huria: kosa likishatoka nje, nani analirekebisha, na vipi?



Wapenzi wa programu huria wana imani moja wanayoirudia sana, ati macho yakiwa mengi hakuna kosa litakaloweza kujificha. Wazo hilo lilienezwa na Eric Raymond mwaka 1997, na kama tumaini halina ubaya. Tabu ni kwamba macho yanaweza kuwa mengi na asiwepo hata mmoja anayesoma. Hebu tuangalie kisa kimoja.

OpenSSL ni maktaba ya programu inayotengeneza funguo za siri zinazolinda mawasiliano ya mabenki, barua pepe na seva. Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi chake katika Debian alipata malalamiko: chombo cha ukaguzi kiitwacho Valgrind kilikuwa kinapiga kelele kwamba OpenSSL inasoma sehemu ya kumbukumbu ambayo haijajazwa kitu. Akaitafuta sababu, akakuta mistari miwili inayofanana. Akauliza katika orodha ya barua pepe ya OpenSSL kama inaweza kuondolewa, akajibiwa kwa namna ambayo haikumzuia. Akaiondoa yote miwili.

Mmoja kweli haukuwa na kazi kubwa. Wa pili, bwana, ndio uliokuwa ukiingiza nasibu yote inayofanya ufunguo wangu usifanane na wako! Ulipotoka, kilichobaki kikibadilika ni namba ya mchakato tu, na kwenye Linux ya wakati ule namba hizo kwa kawaida hazizidi 32,768. Yaani funguo ambazo hazipaswi kuhesabika zikawa zinaweza kuandikwa zote kwenye faili moja, mtu akazijaribu moja moja. Mabadiliko hayo yalitoka Septemba 2006. Yaligunduliwa Mei 2008 na Luciano Bello, naye mwenyewe ni wa Debian. Kwa muda wote huo Ubuntu na wengine walikuwa wameshakichukua kifurushi kile kile.

Kurekebisha programu yenyewe ilikuwa kazi ndogo, kuurudisha mstari. Kazi ilikuwa huko nje. Kila ufunguo uliotengenezwa katika miezi ile ishirini ilibidi utupwe na kutengenezwa upya, pamoja na ule ulionakiliwa kwenda kwenye mashine ambayo haijawahi kuiona Debian. Debian walitoa orodha ya funguo mbovu na chombo cha kuzitambua. Bila hivyo wenye seva wasingejua waanzie wapi.

Mimi sioni kwamba tatizo lilikuwa uzembe wa mtu mmoja. Aliuliza. Lakini aliuliza kwa barua, na kiraka chenyewe hakikupelekwa kwa waandishi wa asili wakakipitia mstari kwa mstari. Baadaye watu wa OpenSSL walisema orodha ile haikuwa mahali pa swali kama hilo. Pia hapakuwa na jaribio lolote la kushtua: mtu angekusanya funguo mia chache za aina moja kutoka mashine mbalimbali, huenda angekuta mbili zinafanana kabisa.

Ndiyo maana utaratibu wa viraka vya matoleo thabiti ya kiini cha Linux, ulioanza mwaka 2005, ni mkali kiasi kile. Kiraka lazima kirekebishe kosa la kweli linalowasumbua watu, kiwe kifupi (mistari 100 ndio kikomo), na kiwe kimeshakubaliwa kwenye shina kuu kwanza. Sharti hili la mwisho wengi huliona urasimu. Lakini kiraka kinachoishi kwenye tawi peke yake hakina wa kukisoma, na toleo lijalo likitoka kosa linarudi.

Kuna na suala la mkono mtupu. Kosa la Heartbleed, pia la OpenSSL, liliingia katika toleo la Machi 2012, likatangazwa Aprili 2014. Lilimruhusu mtu wa mbali kuchota hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva kwa kila ombi, na humo mnaweza kuwamo maneno ya siri. Kampuni tajiri kabisa duniani zilikuwa zinaitegemea maktaba hii, na mradi ulikuwa na mfanyakazi mmoja tu wa kudumu, michango ikiwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Macho hayo mengi yangetoka wapi? Baada ya aibu hiyo ndipo Linux Foundation ikaanzisha mfuko wa kusaidia miradi ya aina hii.

Sasa sisi tusioandika programu. Taarifa nzuri ya kosa ina mambo machache: namba ya toleo, ulifanya nini hatua kwa hatua, ulitegemea nini, ukapata nini. "Haifanyi kazi" si taarifa. Machi 2024 Andres Freund aliona tu kwamba kuingia kwenye seva kwa ssh kunachelewa nusu sekunde hivi. Alipofuatilia akakuta mlango wa siri umepandikizwa ndani ya xz, kabla haujafika kwenye toleo thabiti la Debian.

Na Kiswahili ndio kabisa kinatuhitaji. Tangu Jambo OpenOffice itoke mwaka 2004 kwa kazi ya mradi wa Kilinux, tafsiri za programu huria zimekuwa zikipita kwenye mikono michache mno. Vyombo vya gettext vinaweza kukagua kama alama ya %s imebaki ndani ya sentensi iliyotafsiriwa, maana ikipotea au ikigeuka programu inaweza hata kuanguka. Lakini hakuna chombo kitakachojua kwamba "hifadhi" na "futa" zimebadilishana vitufe. Hilo hulioni mpaka uweke mashine yako kwa Kiswahili, uitumie wiki nzima, na ukikuta kosa ulipeleke kwenye mradi wenyewe, usiishie kulirekebisha kwako nyumbani.