Sheria ya Rumi: Elimu ya Wanazuoni, Muhuri wa Kaisari

Kitabu cha sheria ambacho ulimwengu umezoea kukiita kwa jina la Kaisari Justinian hakikuandikwa na Justinian, wala sehemu iliyo bora ndani yake haikutoka kinywani mwa kaisari yeyote. Ilitoka kwa wanazuoni waliokuwa wamekwisha kufa zamani, walio wengi kwa miaka mia tatu na zaidi, watu ambao nguvu ya maneno yao haikutegemea jeshi wala hazina, bali elimu tu na desturi ya watu kuwaendea kuwauliza.

Hapo kale, Rumi ilipokuwa mji mdogo kando ya mto Tiber, sheria ilikuwa siri ya makuhani waliotoka katika koo za waungwana, na mtu wa kawaida aliyeshitakiwa aliweza kushindwa kwa kanuni ambayo hajapata kuisikia. Akina yahe, ambao ndio waliojaza safu za vita na ndio waliozama katika madeni, walidai sheria iandikwe na kuwekwa wazi, na baada ya mabishano marefu waliteuliwa watu kumi mwaka 451 kabla ya Masihi kuifanya kazi hiyo, iliyokamilika mwaka uliofuatia kwa Mbao Kumi na Mbili zilizosimamishwa hadharani. Mbao zenyewe zimepotea. Kilichosalia ni vipande vilivyonukuliwa na waandishi wa baadaye, na ndani yake hamna huruma nyingi. Mdaiwa aliyekiri deni au kuhukumiwa alipewa siku 30 alipe. Akishindwa, mdai aliruhusiwa kumtia minyororo kwa siku 60, kisha kumwuza utumwani ng'ambo ya Tiber. Ndoa baina ya waungwana na akina yahe ilipigwa marufuku, ingawa kifungu hicho hakikudumu, kwani kilifutwa mwaka 445. Hata hivyo Warumi walizitukuza Mbao hizo kwa karne nyingi, na Cicero anasema kwamba katika utoto wake wavulana walifundishwa kuzihifadhi kwa moyo.

Msomaji asidhani kuwa kuandikwa kwa sheria kulitosha kuitoa katika mikono ya makuhani. Walibakiwa na maneno maalumu ya kufungulia shauri, na hesabu ya siku zinazofaa kushitaki, mpaka karani mmoja aitwaye Gnaeus Flavius, mwana wa mtumwa aliyeachwa huru, alipoyatangaza yote hayo kwa watu wote mwishoni mwa karne ya nne kabla ya Masihi. Kwa maoni yangu karani huyu anastahili kutajwa pamoja na makaisari.

Baadaye sheria ilikua mikononi mwa pretori, ofisa aliyesimamia mahakama kwa mwaka mmoja, ambaye alipoingia kazini alitangaza katika ubao uliopakwa chokaa ni madai gani atakayoyapokea. Mwaka 242 kabla ya Masihi aliongezwa pretori wa pili kwa mashauri ya wageni, na katika mashauri ya namna hiyo, ya wafanyabiashara wasio na desturi moja, Warumi walizoea kanuni iliyokuja kuwa yenye manufaa makubwa kuliko zote: kwamba kuuza na kununua hukamilika kwa maafikiano, bila ibada wala maneno ya kutamka, na kwamba kila upande unawajibika kwa uaminifu. Kila pretori aliiga tangazo la aliyemtangulia na kulisahihisha kidogo, hata Kaisari Hadrian, mnamo mwaka 130 baada ya Masihi, alipomwamuru Salvius Julianus, mwanasheria mzaliwa wa upande wa Tunisia ya leo, alitengeneze liwe la kudumu.

Nyuma ya mapretori walisimama wanazuoni. Hawa walifanya kazi inayofanana na ya mufti kwetu: mtu au hakimu aliwaletea mas'ala, nao wakatoa fatwa, na fatwa zikakusanywa vitabuni. Gaius aliandika kitabu cha wanafunzi ambacho hakijapata mshindani, ilhali yeye mwenyewe hatujui hata jina lake kamili. Papinian, aliyehesabiwa kuwa mkubwa wao, aliuawa mwaka 212 kwa amri ya Kaisari Caracalla. Ulpian wa Tyre, mji wa pwani ya Sham, aliuawa na askari wa ulinzi wa kaisari aliokuwa akiwaongoza. Vitabu vilizidi na vikapingana, hata mwaka 426 ikatolewa amri ya ajabu, kwamba mahakimu wafuate rai ya wengi kati ya watano, yaani Papinian, Paulus, Gaius, Ulpian na Modestinus. Wakilingana idadi, afuatwe Papinian. Ndivyo kesi za watu hai zilivyoamuliwa kwa kura za maiti.

Justinian alitawala kuanzia mwaka 527 katika mji wa Konstantinopoli, ambao ndio Istanbul ya leo. Amri za makaisari zilikusanywa upesi, zikatolewa mwaka 529. Kazi ngumu ilianza Desemba 530, alipomkabidhi waziri wake wa sheria, Tribonian, na wenzake 16, baadhi yao walimu wa Konstantinopoli na wa chuo mashuhuri cha Beirut, kuyasoma maandiko ya wanazuoni na kuyachuja. Kwa maelezo ya kaisari mwenyewe walipitia vitabu karibu 2,000 vyenye mistari milioni tatu, wakaacha mistari 150,000. Kazi ilipokuwa katikati, Januari 532, ghasia kubwa zilizuka mjini. Umati ukadai Tribonian aondolewe, maana alituhumiwa kuuza hukumu, na kaisari akamwondoa katika cheo chake, lakini hakumwondoa katika kitabu. Tarehe 16 Desemba 533 Digesta ilitangazwa, sehemu 50, muda mfupi baada ya kitabu kifupi cha wanafunzi, Institutiones, kilichojengwa juu ya kile cha Gaius. Mkusanyo wa amri ulirekebishwa mwaka 534, na amri mpya zilizofuata ziliandikwa zaidi kwa Kiyunani.

Wachujaji waliruhusiwa kubadili maneno ya wakubwa hao ili yaafikiane na wakati wao, na kwa hiyo hatuwezi daima kujua ni Ulpian anayesema au ni Tribonian. Hasara hiyo ni kubwa, lakini vitabu vilivyochujwa vimepotea karibu vyote, na bila ya mkono wa Tribonian tungekuwa hatuna hata hayo yaliyosalia.

Justinian alikataza pia Digesta isiandikiwe sherehe. Amri hiyo haikufua dafu. Nakala ya karne ya sita, iliyokuwa Pisa hata ikachukuliwa Florence mwaka 1406, imefika kwetu, na walimu wa Bologna walianza kuisomesha Digesta mwishoni mwa karne ya 11. Mmoja wa waliowafuata, Accursius, alikusanya maelezo ya pambizoni zaidi ya 90,000. Kutoka kwao elimu hiyo iliingia vyuo vya Ulaya, na sehemu yake kubwa ikatiwa katika sheria za madai za Ufaransa za mwaka 1804, ambazo Ubelgiji ilizirithi. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mapatano, iliyotolewa kwa Kongo, ilifuata mfano huo wa Ubelgiji. Na mtu anayeuza nyumba yake Bukavu au Lubumbashi leo anafungwa na kanuni za mauzo ambazo asili yake ni fatwa za wanazuoni wa Rumi.